Fungu la Ndege

Watu wa Alunguli, mtaa wa kando ya mto mjini Kindu, watakuambia kwamba Mama Bibiche ana vita na ndege. Waongo hao, tena waongo wa mchana kweupe. Mama Bibiche hana vita na ndege. Ana mapatano nao, na anayevunja mapatano kila mwaka ni ndege, si yeye. Kila asubuhi, kiwanja kikishafagiliwa na maji ya chai yakiwa motoni, husimama mbele ya vichaka vyake sita vya miforsadi, mikono kiunoni, akawapa ndege vidonge vyao kwa sauti inayosikika mpaka kivukoni.

"Ninyi mashore! Yenu ni ile muti murefu! Hii sita iko ya watu! Masikio yenu iko wapi?"

Shore, ndege wale wadogo wenye vichwa vyeusi na kelele zisizo na mwisho, humsikiliza mpaka amalize, kisha hushuka moja kwa moja kwenye vichaka vya watu.

Jina la ubatizo la Mama Bibiche ni Emerance, lakini tangu azae binti yake wa kwanza, Bibiche, hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mumewe Okito akiwa na jambo la kuomba, na wifi yake Jeannette akiwa na jambo la kuchokoza. Ni mfupi, mwepesi wa miguu, na huenda mbio hata akiwa haendi popote. Sokoni huuza mihogo na sombe, majani yake. Forsadi hauzi. Ukimwuliza bei atakutazama kama umemwuliza bei ya mtoto wake.

Kwa asiyeijua, forsadi ni tunda dogo lenye urefu wa ncha ya kidole, la chembechembe nyingi zilizoshikana. Huanza jeupe, likawa jekundu, na likiiva huwa jeusi, laini, tamu kupita kiasi. Maji yake hukamata. Ukila, ulimi na midomo hugeuka zambarau, na hata ukisugua kwa sabuni na mchanga rangi haitoki mpaka kesho yake. Desturi ya nyumba yao ilianzia hapo.

Aliyeileta ni Bibi Feza, mama wa baba yake Emerance, Mwislamu wa ukoo wa zamani aliyetoka Kasongo akiwa mwari, na vijiti vya mforsadi amevifunga katika kitambaa chenye maji. Kwao, wakwe waliokuja kutoa mahari hawakupewa kwanza chai. Walipewa maji ya forsadi, kila mmoja kikombe chake, hata mzee asiye na jino. Wakishakunywa hutazamana midomo, wakacheka, ndipo mazungumzo yakaanza.

"Mukwe mwenye mudomo zambarau hawezi kusema hakukula kwetu," Bibi Feza alikuwa akisema. "Kesho akimusumbua binti yetu, tutamukumbusha ile rangi."

Alikuwa pia na sheria ya pili. Katika miforsadi saba, sita hukatwa ibaki mifupi, ya kufikiwa kwa mkono. Wa saba huachwa urefuke upendavyo, haufunikwi, hauchumwi. Ni fungu la ndege. Emerance alipokuwa msichana aliiona sheria hiyo kuwa ujinga mtupu. Alipanda juu ya pipa na kugonga mkebe kuwafukuza shore kule juu, mpaka bibi yake akamfuata na ufagio.

"Wacha! Ile ni yao. Na wao wako wageni wetu."

Ikaja vita. Mwaka 2001 Kindu ilikuwa imezingirwa: treni haikuja, mashua haikuja, chumvi iliuzwa kwa kijiko cha chai, na aliyekwenda shamba la mbali hakuwa na hakika ya kurudi. Emerance alikuwa na miaka ishirini, ameposwa na Okito, na forsadi zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Mchana mmoja askari wakaingia kiwanjani kutafuta kuni. Mmoja wao akauliza hii ni miti gani.

"Ya arusi," Bibi Feza akajibu.

Yule askari akacheka vizuri tu, kama mjukuu wake, na panga likaanza kazi. Hata mrefu wa ndege haukupona. Jioni walipikia maharagwe yao.

Wiki tatu baadaye wakwe walikuja, wakapewa chai ya mchaichai isiyo na sukari. Waliinywa kwa heshima. Nani alikuwa na sukari siku zile? Lakini Jeannette, dada mdogo wa Okito, wakati ule kisichana cha miaka kumi na saba kisichoweza kufumba mdomo, aliwatazama shangazi zake mmoja mmoja, akapiga makofi.

"Eh! Midomo yetu iko vile vile. Basi sisi hatukukula hapa!"

Watu wakaangua kicheko, maana miezi ile kicheko kilikuwa adimu kuliko chumvi. Emerance naye alicheka. Lakini neno lile lilimchoma, na Jeannette alipoona limechoma, akaliweka akiba. Tangu siku ile amelitoa kila Noeli, kila ubatizo, kila kilio: "Mimi? Kwenu mimi sijakula bado." Halafu anacheka, na Emerance anacheka, na roho inamuuma.

Bibi Feza hakufika kuona mwisho wa vita. Emerance na Okito walikimbilia upande wa Kailo, na waliporudi mwaka 2003 Bibiche alikuwa mgongoni, wa miezi minne. Njiani walipita kwenye ukuta wa ghala lililoungua. Katika ufa, juu kidogo ya kichwa cha mtu, kimche kilikuwa kimejishikiza, chenye majani mapana ya kukwaruza, kingo zake zimekatwa meno meno. Emerance akasimama ghafla, nusura Okito amgonge kwa kifurushi.

"Mforsadi," akasema.

"Pale juu? Nani alipanda pale juu?"

Emerance akaonyesha kwa kidole. Pembeni mwa ule ufa, ukutani, kulikuwa na michirizi ya zamani ya mavi ya ndege, zambarau yake imefifia. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtoto akaamka, akacheka na machozi yakimtoka, na Okito, ambaye hakuelewa kitu, akambeba mabegani ili aufikie. Aliung'oa kwa kijiko cha kulia, taratibu, mzizi kwa mzizi. Ndege walikuwa wamekula kwa Bibi Feza miaka yote ile, nao walikuwa wamekumbuka kurudisha kitu.

Mche ule ulipopata nguvu alikata vijiti sita, akavipanda kando ya ua. Wenyewe hakuukata tena. Aliuacha urefuke, akautaja kuwa fungu la ndege, na kuanzia hapo ile sheria ikapata mtetezi mkali kuliko hata Bibi Feza.

Miaka ikaenda. Mwaka juzi, 2024, Bibiche alikuwa na miaka ishirini na mmoja, anafundisha shule ya msingi, na alikuwa amependana na Destin. Posa haikusafiri mbali. Destin ni mtoto wa Isidore, jirani wa nyuma ya ua, na watu walitania kwamba mahari itarushwa tu juu ya matete ya ua. Siku ikapangwa: siku ya posho, yaani Jumamosi, katikati ya Novemba.

Emerance akahesabu kurudi nyuma kama alivyofundishwa. Mforsadi ukikatwa matawi na kuvuliwa majani yote huogopa kufa, na ukiogopa kufa huzaa. Mwanzoni mwa Septemba, kiangazi kikiisha, aliikata ile sita mpaka ikabaki vijiti vitupu. Okito akashika kichwa.

"Mama Bibiche, umeua miti."

"Nimeiamusha. Ngoja mvua."

Mvua ikaja, na mwisho wa Oktoba kila kichaka kilikuwa kimejaa matunda mekundu mpaka matawi yanagusa chini. Bibiche alimkuta mama yake akiyahesabu kwa macho.

"Mama, hata ikikosekana haizuru. Tutawapa soda."

"Itazuru," Emerance akasema, na safari hii hakutania. "Wewe haujui vile inazuru. Mimi najua."

Jeannette, ambaye siku hizi anakaa ng'ambo ya mto, Mikelenge, akatuma salamu kwamba atakuja na kitambaa cheupe cha kupangusia midomo ya watu, aone kama rangi ipo kweli.

Basi ulinzi ukaanza. Kwanza Emerance alichukua kaseti za zamani za Okito, za kwaya, akachomoa utepe wote, akautandaza kutoka kijiti hadi kijiti. Upepo ukiupiga unavuma na kumetameta, na siku tatu nzima hakuna shore aliyethubutu. Siku ya nne wakaja kwera, ndege wafumaji, wakautazama, wakaukata vipande na kuondoka nao kwenda kujengea viota. Okito alisimama akitazama kwaya yake ikipanda juu ya mnazi wa jirani.

"Sasa wataimba vizuri," akasema kwa huzuni.

Emerance akaenda kwa kaka yake Edouard, mvuvi. Edouard alikuwa na nyavu tatu za zamani, na alikubali kuziazima kwa sharti moja: zisiguswe na sabuni. Wavuvi wa pale wanaamini wavu ukioshwa kwa sabuni mto unaukataa, haupati hata dagaa. Emerance akaapa. Alizibeba kichwani, zinanuka samaki wa miaka kumi, akavifunika vichaka vyote sita na kukaza kingo kwa mawe. Ule mrefu hakuugusa. Jioni alioga mara mbili, akalala na furaha.

Asubuhi alikuta paka.

Si paka mmoja. Paka kumi na mmoja, wa rangi zote, wamekaa chini ya nyavu wakizilamba kamba. Wengine hata jirani hawakuwajua. Walikuwa wametoka mitaa ya mbali kwa kufuata harufu. Emerance akarusha ndala ya kulia, akarusha ya kushoto, akarusha ufagio. Paka walisogea hatua mbili, wakakaa tena.

"Niliomba wavu," akamlilia Edouard kwenye simu, "umenipa soko la samaki!"

"Osha basi kama unataka kuniua," Edouard akajibu.

Kuosha hawezi, ameapa. Kufukuza ameshindwa. Akaketi kwenye kigoda, kidevu mkononi, mpaka Okito alipomwuliza kama ameona kitu. Kitu gani? Kelele, Okito akasema, kelele haipo. Ni kweli. Hakukuwa na shore hata mmoja. Ndege gani mwenye akili angetua kwenye kiwanja cha paka kumi na mmoja? Emerance akatazama paka, akatazama vichaka, akaingia ndani na kutoka na vichwa vya dagaa. Kwa siku nane aliwalisha kama askari wake, na forsadi zikaiva mpaka zikawa nyeusi tititi.

Ijumaa zilikuwa tayari, lakini forsadi ikilala imechumwa huchacha, kwa hiyo angechuma Jumamosi alfajiri. Alfajiri ile akaenda kwanza kivukoni kupokea sufuria kubwa alizoazima kwa mke wa Edouard. Hakukaa hata nusu saa.

Aliporudi, nyavu zilikuwa chini. Matete ya ua upande wa nyuma yalikuwa na tundu la ukubwa wa beseni. Vichaka vyote sita vilikuwa vimeliwa, matunda, majani, hata ncha laini za matawi, na chini udongo ulikuwa umejaa alama za kwato. Paka walikuwa wamekaa pembeni wanajisafisha nyuso. Mbuzi si ndege, haikuwahusu.

Sufuria zilimponyoka. Isidore akachungulia juu ya ua.

"Mama Bibiche, kuna nini?"

"Mbuzi, Baba Destin! Mbuzi amemaliza yote!"

"Mbuzi? Ya nani? Ile yangu iko imefungwa tangu jana, haki ya Mungu!" Alisema haraka mno, kichwa kikatoweka.

Emerance hakumsikia vizuri. Alikuwa ameketi chini, kwenye udongo, na hakuwa na miaka arobaini na mitatu tena. Alikuwa na ishirini, panga linakata, na wakwe wako njiani. Alilia kweli, bila kuficha. Bibiche akatoka na kanga yake nyeupe ya asubuhi, akachuchumaa, akamshika bega. Hakusema habari za soda.

Kitu kikaanguka, pwa, kwenye bega la Bibiche. Doa la zambarau likatanuka kwenye nguo nyeupe. Kikaanguka kingine.

Mama na mwana wakainua macho.

Katika miaka ishirini hakuna mtu aliyewahi kuona tunda bivu kwenye ule mforsadi mrefu. Shore huyamaliza yakiwa mekundu, ndiyo maana hakuna aliyehangaika kuutazama wiki ile. Lakini kwa siku nane hakuna ndege aliyetia mguu pale. Mti mzima ulikuwa mweusi kwa matunda, kutoka tawi la kwanza, ambalo mbuzi hafikii, hadi kileleni.

"Mama!" Bibiche akapiga kelele. "Okito! Baba! Njoo uone!" Kwa furaha alimwita baba yake kwa jina na hakugundua.

Okito alikuja mbio, akavua viatu kupanda. Emerance akamzuia.

"Ngoja. Si yetu."

"Eh! Wakwe wanakuja saa tano!"

"Nimesema ngoja."

Akafuta machozi, akasimama chini ya mti. Mikono haikuwa kiunoni. Juu ya bati la Isidore shore watatu walikuwa wakiwatazama paka kwa chuki.

"Ninyi mashore," Emerance akasema, kwa sauti ndogo ambayo jirani hawajawahi kuisikia, "leo ninaomba. Mulinirudishia huyu muti, najua. Mutoto wenu anaolewa. Tutachukua ya chini na ya katikati, ya juu kabisa itabaki yenu. Na hawa paka, jioni hii wanaondoka."

Shore mmoja akapiga domo lake.

"Amekubali," Okito akasema.

"Umejuaje?"

"Ungemwacha akatae?"

Wakatandaza vikwembe vinne, vitenge vya kujifunga, chini ya mti, Okito akapanda, akatikisa. Forsadi zikanyesha. Zilimpiga Emerance kichwani, zikamwingia shingoni, na akawa anacheka na kukinga mikono kama mtoto kwenye mvua ya kwanza. Beseni mbili zilijaa, na kilele hakikuguswa.

Saa tano wakwe wakaingia, wamezunguka mtaa mzima ili wapite mlangoni kama watu wa heshima. Isidore alitangulia na koti lake. Nyuma yake vijana walivuta mbuzi wa mahari, beberu mweupe, mnene, amefungwa kitambaa cha kitenge kuzunguka mdomo, na fundo zuri la ua juu ya pua.

Jeannette, aliyekuwa amekaa upande wa binti kama shangazi wa bibi arusi, akamkodolea macho.

"Baba Destin, hii mbuzi inaumwa meno?"

"Ni pambo tu, mama. Pambo la furaha."

"Eeh, pambo." Jeannette akainuka, akalifungua fundo.

Mdomo wa beberu ulikuwa zambarau. Ulimi zambarau, ndevu zambarau, hadi kwenye matundu ya pua. Beberu akawatazama watu wote, akacheua.

Isidore alikuwa anatazama viatu vyake. "Nimeiosha mara tatu na sabuni," akasema pole pole. "Ilikata kamba, Mama Bibiche. Niliona haya."

Watu wote wakamgeukia Emerance, na wanaomjua walirudisha viti nyuma. Akamkaribia beberu. Akamshika kidevu, akamkagua huku na huku. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mukwe wa kwanza amekula kwetu," akasema. "Huyu hawezi kukana!"

Kicheko kilichotoka pale, waliokuwa kivukoni waliuliza ni nini. Vikombe vikaletwa. Isidore alikunywa viwili bila kuambiwa, kwa toba. Destin alikunywa, shangazi zake wakanywa, wajomba wakanywa, na wote wakawa wanatoleana ndimi na kunyosheana vidole, wazee kwa vijana. Bibiche alimtazama mama yake akizunguka na birika, naye akaelewa kwa nini soda isingefaa.

Mwishoni kikabaki kikombe kimoja. Emerance akataka kumpa mtoto mmoja wa upande wa wakwe aliyekuwa karibu, na Jeannette akanyosha mkono.

"Wewe uko upande wetu leo, wifi," Emerance akamwambia. "Hii ni ya wakwe."

"Na mimi ni nani?" Jeannette hakuwa anacheka. "Miaka ishirini na mitatu niko mukwe wenu. Nilikuja hapa na kaka yangu, siku ile hamukuwa na kitu, na mimi nilisema neno la kijinga. Nilikuwa mutoto. Halafu nikazoea kulisema. Nipe."

Emerance akampa. Jeannette akanywa mpaka tone la mwisho, akajilamba, akatoa ulimi nje autazame kwa macho ya makengeza.

"Emerance," akasema, "nimekula kwenu."

Emerance alimkumbatia kwa nguvu mpaka kikombe kikaanguka. Kitambaa cheupe kilibaki kimekunjwa kifuani mwa Jeannette. Hakikupangusa mdomo wowote.

Jioni walimsindikiza kivukoni. Jeannette akapanda mtumbwi, akakaa mbele kabisa, uso kwa watu, na tangu kasia la kwanza hadi ng'ambo alikuwa akiwasalimu abiria, wavuvi na wafuaji nguo, mmoja mmoja kwa jina, mdomo wazi kabisa, ili kila mtu aone.